Ghorofa ya tatu, Wandegeya: kliniki iliyonipima kabla ya kunipa dawa

Nimeendesha trela kati ya Mombasa na Kampala miaka 19. Kwetu ni Changamwe, lakini mke na watoto wako Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kwa hiyo siku hizi nikisema nimefika nyumbani ni Bweyogerere ninayoitaja. Nina miaka 51. Naanza na hayo kwa sababu daktari naye alianza na hayo: umri, kazi, unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku, unakunywa maji kiasi gani, mkojo ukibana unasimama au unauzuia mpaka mizani ya mbele.

Huduma ninayoieleza ni ya kliniki ndogo ya magonjwa ya njia ya mkojo na uzazi wa kiume, upande wa Wandegeya, Kampala, ghorofa ya tatu. Nimepanda ngazi zake mara nne, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane. Jina lake siliandiki. Daktari aliniomba hivyo, akasema wagonjwa wake wengi wanakuja kwa kujificha na wakisikia kliniki inasemwa watakimbia. Nimeheshimu ombi lake. Lakini walivyonihudumia naweza kuwaeleza hatua kwa hatua, ili ukiingia popote pengine uwe na kipimo cha kulinganishia.

Kilichonipeleka ni harufu ya manii. Naliandika wazi neno hilo kwa sababu wakati nahangaika, kila niliyemfuata alizungukazunguka, "ile shida ya kiume", "mambo ya nguvu", hadi mtu hujui mnazungumzia kitu kimoja au viwili.

Mwezi wa pili nilikwama foleni ya mpaka wa Malaba siku mbili. Nililala ndani ya gari, na alfajiri niliamka nikakuta nimeota ndoto nyevu. Harufu iliyotoka pale ilinishtua. Manii ya kawaida kila mwanamume mtu mzima anayajua: yana harufu hafifu inayokaribia jiki iliyozimuliwa kwa maji mengi. Haya yalinuka kama gunia la mukene, wale dagaa wa Uganda, lililonyeshewa. Na kwenye kitambaa yaliacha rangi ya manjano.

Sasa nieleze jambo linaloniuma zaidi. Harufu ileile nilikuwa naisikia nyumbani karibu mwezi mzima kabla ya hapo, kila baada ya kukutana na mke wangu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba inatoka kwake. Nilimwambia. Nilimwambia vibaya, usiku, nimechoka na safari. Yeye hakujibu kitu. Kesho yake alianza kujiosha ndani kwa sabuni na maji ya ndimu, asubuhi na jioni, hadi akaanza kuwashwa. Pale Malaba, peke yangu kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, mke yuko kilometa 200 mbele yangu, ndipo nilipotambua kwamba harufu ni yangu. Nilikaa na usukani mbele yangu hadi kukapambazuka.

Kabla ya kufika Wandegeya nilipita mahali patatu, na sitapataja majina.

Pa kwanza ni duka la dawa barabarani. Kijana alinisikiliza nusu dakika akanikatia sipro, vidonge vya kuua bakteria, za siku tano. Harufu ikapungua, nikashukuru Mungu. Wiki ya tatu ikarudi. Nikanunua tena siku tano, duka jingine, mji mwingine. Ikapungua, ikarudi, na safari hii ikaja na maumivu ya chini kabisa, pale katikati ya korodani na sehemu ya haja kubwa, na kuungua kidogo wakati wa kukojoa. Usiku naamka mara nne.

Pa pili ni chupa niliyouziwa karibu na kituo cha mabasi hapa Kampala, shilingi 35,000 za Uganda, maji ya kahawia ndani ya chupa ya soda. Muuzaji aliapa ni gome la mti wa ngwabuzito, na kwamba "linasafisha tezi yote". Nilikunywa wiki mbili. Halikusafisha chochote.

Pa tatu ndipo paliponikosesha usingizi. Ni kliniki moja ya kando ya barabara, ina mashine, ina makoti meupe. Nilimweleza mhudumu dalili zangu, akasema nipime PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, damu ikatolewa, majibu yakatoka baada ya saa moja: 11.4. Akaniambia kiwango cha kawaida hakizidi 4, "hii inaweza kuwa saratani, tafuta hospitali kubwa." Basi. Hakunigusa, hakupima mkojo, hakuuliza nimeanza kuumwa lini. Nililipa nikatoka.

Baba yangu mdogo alikufa kwa saratani ya tezi dume. Nilimuona mwisho wake Changamwe, mifupa ya mgongo inamuuma hadi hawezi kugeuzwa. Kwa hiyo ile karatasi yenye 11.4 niliikunja nikaiweka nyuma ya kioo cha jua, na kwa siku kumi niliendesha nikiitazama. Kutoka Busia hadi Nakawa nilikuwa napiga hesabu ya ada za shule.

Dereva mwenzangu ndiye aliyenielekeza Wandegeya. Aliniambia neno moja tu: "Pale hawakupi dawa siku ya kwanza." Nilidhani ni malalamiko. Alikuwa anasifu.

Kasoro kubwa ya kliniki ile iko mlangoni, na nitaisema sasa hivi. Binti wa mapokezi ameketi nyuma ya meza, wagonjwa wako kwenye benchi mita moja kutoka kwake, na anakuuliza kwa sauti, "Ssebo, unaumwa nini?" Wanaume saba wanakutazama. Mimi nilijibu "mgongo". Aliandika mgongo. Mahali panapotibu sehemu za siri hapawezi kuwa na swali la namna hiyo hadharani. Nilimwambia daktari, na mara ya tatu nilipokwenda nikakuta wameanza kutoa karatasi ndogo unaandika mwenyewe. Nimefurahi, ila karatasi yenyewe ni ya Kiingereza na Kiganda tu. Serikali ya Uganda imekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe shuleni, na barabara yote kutoka Malaba hadi Kampala imejaa sisi. Mstari mmoja wa Kiswahili haungewagharimu kitu.

Aliyeniokoa ni sista mmoja mtu mzima aliyekulia kambi ya jeshi Jinja. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka, hakina mapambo. Alinichukua chumba cha pembeni kupima presha, akaona nimeandikiwa mgongo, akafunga mlango.

"Mzee, mgongo haumleti mtu hapa. Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema yote, hadi la mke wangu. Yeye anaandika, hanitazami usoni, na hilo lilinisaidia sana. Alipomaliza alinisomea alichoandika, akauliza kama kiko sawa. Kisha akaingia na mimi kwa daktari kutafsiri pale Kiingereza changu kitakapokwama.

Daktari ni kijana kwangu, labda hajafika 40, lakini ana subira ya mtu mkubwa. Hakuitazama karatasi ya PSA kwanza. Aliiweka upande akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Hiyo harufu unaisikia wakati gani? Ukiwa peke yako, au baada tu ya kukutana na mama?"

Nikauliza tofauti ni nini. Akaeleza, na hapa naomba kila mwenye mke asome polepole. Manii yana asili ya magadi, si ya uchachu. Sehemu za siri za mwanamke zina uchachu kidogo, na ndio unaomlinda. Mwanamke akiwa na vimelea fulani vilivyozidi mahali pake, manii yakifika pale yanabadilisha hali hiyo na harufu ya samaki inalipuka hapohapo. Mume anasema ni mke, mke anasema ni mume, na wote wawili wanasikia kitu cha kweli. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia kama harufu ipo hata mwanamume akiwa peke yake, au ndani ya kondomu. Ikiwa ipo, chanzo kitafutwe kwa mwanamume. Nikamwambia habari ya Malaba. Akaandika, akapigia mstari.

Kisha akachora. Nyuma ya fomu ya maabara alichora kibofu kama puto, chini yake akaweka duara dogo, akasema hii ndiyo tezi dume, kwa mtu mzima mwenye afya ni kama ndimu ndogo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Manii, akasema, si kitu kimoja. Zaidi ya nusu yanatoka kwenye vifuko viwili vya nyuma ya kibofu, karibu robo yanatoka kwenye tezi dume, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana, asilimia chache tu. Ile harufu ya kawaida inayofanana na jiki inatokana na kemikali inayoitwa spermini, na fuwele zake zimeandikwa tangu 1678, Mholanzi Leeuwenhoek alipoziona kwa kioo chake cha kukuzia. Sijui kwa nini habari ya huyo Mholanzi ilinituliza. Labda kwa sababu nilijua sasa kwamba watu wenye heshima zao wameyachunguza maji haya miaka zaidi ya 300 bila aibu.

Harufu ikibadilika kidogo baada ya kula vitunguu saumu vingi, au ukikaa muda mrefu bila kukutana na mtu, hilo peke yake si ugonjwa. Uchafu uliokaa chini ya govi kwa asiyetahiriwa nao unaweza kunuka, na mtu akadhani ni manii. Lakini harufu ya samaki au ya kuoza isiyokwisha, pamoja na rangi ya manjano au kijani, kuungua, maumivu ya chini, usaha, hapo kuna jambo: inaweza kuwa kisonono, klamidia, trikomonasi, maambukizi ya njia ya mkojo, au tezi dume yenyewe imevimba kwa vimelea. Na akasema kwa kukaza: saratani ya tezi dume haijitangazi kwa harufu. Mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote.

Akaniuliza habari za wanawake wa njiani. Kwenye barabara hii madereva tunajulikana, na swali lile ni haki yake kuliuliza. Nilimjibu ukweli. Akapendekeza nipimwe Virusi vya UKIMWI, kaswende, kisonono na klamidia, nikakubali, na majibu yote yakaja salama.

Halafu kipimo cha kidole. Najua ndicho kinachowafanya wanaume wengi wageuke kwenye ngazi, kwa hiyo nakieleza kilivyokuwa. Kwanza nilikojoa kwenye kikopo kimoja, kikaandikwa namba. Nikalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, shuka juu yangu. Sista alitoka bila kuambiwa. Daktari aliniambia kila hatua kabla ya kuifanya: sasa navaa glavu, sasa naweka mafuta ya baridi, sasa vuta pumzi. Alibonyeza tezi taratibu upande mmoja, halafu wa pili. Upande wa kulia niliruka. Haikufika dakika moja. Kisha nikakojoa tena kwenye kikopo cha pili. Vile vikopo viwili vinalinganishwa maabara: kama vimelea ni vingi kwenye kile cha baada ya kubonyezwa kuliko cha kwanza, vimetoka ndani ya tezi. Alinieleza pia kwamba mtu mwenye homa kali na kutetemeka tezi yake haibonyezwi hivyo, maana vimelea vinaweza kuingia kwenye damu. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo, na vilevile aliyeshindwa kabisa kutoa mkojo.

Sampuli ya manii ndiyo iliyonipa shida ya moyo. Inatakiwa ifike maabara mapema, ndani ya saa moja hivi, na kutoka Bweyogerere hadi Wandegeya, ukikutana na foleni ya Nakawa, saa moja ni ndoto. Wana chumba kidogo chenye komeo, sinki, na kiti. Nikasema mimi ni Mwislamu, jambo hili silifanyi hivihivi peke yangu. Daktari hakubishana wala hakucheka. Alisema, "Njoo na mama. Chumba ni chenu, hakuna atakayegonga."

Kwa hiyo ilibidi nirudi nyumbani nimwambie Mama Zuhura. Nilimwambia kwamba ile harufu ni yangu, kwamba nilimkosea, na kwamba naomba tupande gari pamoja asubuhi. Alinyamaza muda mrefu, akakunja nguo alizokuwa anakunja hadi zikaisha. Kisha akauliza, "Saa ngapi?" Nimeoa miaka 22, na sidhani nimewahi kushukuru neno kama nilivyoshukuru hilo.

Siku ya pili walimpima na yeye. Hakuwa na maambukizi. Alikuwa na mchubuko tu wa ile sabuni na ndimu, na sista alikaa naye faraghani akamweleza aache kabisa kujiosha ndani: kule kunajisafisha kwenyewe, sabuni inaua walinzi na kuacha mlango wazi kwa wale wabaya. Nje maji yanatosha. Alitoka mle chumbani uso umelegea, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Kama kliniki ile isingefanya kitu kingine chochote, kwa hilo peke yake ningewasifu.

Majibu ya kuotesha vimelea waliahidi siku tatu, yakachukua tano. Hakuna aliyepiga simu kusema yamechelewa. Nilikuwa nimeshafika Mariakani nikapiga mwenyewe. Hapo wanahitaji kurekebisha. Majibu yalionyesha bakteria wale wa utumbo, E. koli, wachache kwenye mkojo wa kwanza, wengi kwenye wa pili na kwenye manii. Tezi dume ina maambukizi sugu ya bakteria.

Na dawa? Sipro. Ileile.

Nilikasirika kidogo, nikamwambia daktari hiyo nimeshameza mara mbili. Akanigeuzia karatasi ya maabara, akaonyesha orodha ya dawa walizojaribu juu ya wale bakteria, nyingine haziwafanyi kitu tena, lakini sipro bado wanaisikia. Bahati, akasema, maana kumeza nusu dozi mara mbili ndiyo njia ya kuwafundisha kuizoea. Tatizo lilikuwa siku. Ukuta wa tezi dume haupitishi dawa kwa urahisi, inaingia kidogo kidogo, na ndiyo maana maambukizi sugu ya pale yanatibiwa wiki nne hadi sita. Nilimuelewa kwa njia yangu: tangi la dizeli likiwa na uchafu chini, unaweza kubadilisha chujio kila wiki, gari litatembea siku mbili likohoe tena. Lazima ufike chini ya tangi. Akasema ndiyo, hivyo hasa.

Nilipewa siku 28, asubuhi na jioni. Nisisitize: hiyo ni dozi yangu, kwa bakteria walioonekana kwenye vikopo vyangu. Mwingine mwenye harufu hiyohiyo anaweza kuwa na kisonono au trikomonasi, na sipro ikampotezea muda.

Sista ndiye aliyenieleza namna ya kuimeza, na ningependa kila duka la dawa lifanye hivi. Usimeze pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia, zinaifunga tumboni isiingie mwilini. Mimi chai ya maziwa ndiyo petroli yangu, vikombe vitatu kabla ya jua. Kwa mwezi mzima asubuhi nilikunywa chai ya mkandaa, maziwa nikayaacha hadi mchana. Akaniambia pia nikisikia kisigino au mshipa wa nyuma ya mguu unauma niache dawa na nipige simu, maana dawa hii inaweza kudhuru mishipa hiyo. Kwa mtu anayekanyaga klachi siku nzima si onyo dogo. Mimi sikuumia. Maji mengi, kusimama kila baada ya saa mbili kutembea, kutozuia mkojo. Kukaa muda mrefu hakuleti vimelea, ila kunazidisha maumivu ya pale chini. Tanboi wangu aligundua tunasimama sana, akadhani nina haraka ya kukojoa tu. Sasa naye ananywa maji.

Harufu ilianza kuondoka wiki ya pili. Kufikia siku ya 28 manii yalirudi kuwa ile jiki hafifu, meupe. Maumivu yalichelewa zaidi, yaliisha kama wiki tatu baada ya vidonge kwisha, na daktari alikuwa ameshaniambia itakuwa hivyo ili nisikimbilie duka la dawa tena.

Ile 11.4 nayo. Siku ya kwanza nilimwomba arudie PSA palepale. Alikataa, na nilimchukia kwa dakika kumi. PSA, alisema, ni protini inayotengenezwa na tezi dume, tezi ikivimba kwa vimelea protini hiyo inavuja kwa wingi kwenye damu, na hata kutoa manii siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha. Kuipima wakati tezi imewaka moto ni kupima joto la injini ukiwa umetoka kupanda mlima na kusema rejeta imekufa. Tutibu, tusubiri wiki nane baada ya dawa, ndipo tupime. Mwezi wa nane ilikuwa 2.3.

Nilishuka ngazi nikaketi kwenye ngazi ya mwisho.

Hakunifukuza na furaha hiyo, hata hivyo. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume Uganda, na sisi Waafrika hatari yetu iko juu kuliko ya watu wengi duniani. Mwenye baba au kaka aliyeugua, hatari yake inakaribia mara mbili. Kwangu aliyeugua ni baba mdogo, kwa hiyo uzito ni mdogo kidogo, lakini alipendekeza nipime kila mwaka, nikiwa sina maambukizi. Kama siku moja namba itapanda bila sababu, Taasisi ya Saratani ya Uganda iko palepale Mulago tangu 1967, dakika chache kutoka kwake, na akasema ataniandikia barua mwenyewe.

Kuhusu ile chupa ya kahawia, nilidhani atanikaripia. Hakunikaripia. Ngwabuzito, Prunus africana, ni mti wa kweli, na dondoo la gome lake linatumika Ulaya kwa wazee ambao tezi imekua na mkojo unatoka kwa shida. Umechunwa sana hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995. Lakini tezi iliyokua kwa uzee na tezi yenye bakteria ni magonjwa mawili, na chupa yangu haikuwa na namba ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, wala tarehe, wala jina la aliyeitengeneza. Hakuna anayejua nilikunywa nini.

Gharama: kumuona daktari shilingi 80,000 mara ya kwanza, 40,000 kila ukirudi. Vipimo vya mkojo na manii pamoja na kuotesha 110,000. PSA 60,000. Dawa nilinunua nje kwa cheti chao, karibu 45,000. Si kidogo kwa mtu wa mshahara wa safari. Lakini nikijumlisha zile sipro mbili zisizonisaidia, chupa, ile PSA ya kwanza, na siku kumi za hofu, nilikuwa nimeshatumia karibu nusu ya hizo bila kupata hata jina la ugonjwa. Risiti wanatoa, na unaweza kulipa kwa simu.

Mengine yanayosumbua: hakuna lifti, na wazee wa tezi iliyokua wanapanda ghorofa tatu wakisimama kila kona. Choo ni kimoja, kwenye kliniki ambayo kila mtu anahitaji choo. Jumamosi wanafunga saa saba mchana na hawapokei mtu mpya baada ya saa tano, kwa hiyo ukitoka Malaba usiku, oga kwanza, kisha uwe pale saa mbili asubuhi. Kama unapeleka sampuli ya manii, uliza siku ngapi ukae bila kukutana na mke kabla yake, kojoa kwanza, nawa mikono na sehemu yenyewe, maana uchafu wa ngozi ukiingia kwenye kikopo utaota nao.

Na mwambie binti wa mapokezi unataka sista anayejua Kiswahili. Yuko Jumatatu hadi Alhamisi.

Marehemu baba mdogo ameacha watoto watatu wa kiume, wote wamevuka 40, na hakuna aliyewahi kupimwa. Mkubwa wao ni dereva kama mimi, anashusha saruji Kampala wiki ijayo. Nimempigia jana. Alinyamaza, akasema atafikiri. Leo asubuhi ametuma ujumbe kuuliza kama ni lazima kipimo cha kidole, nami nimemjibu haifiki dakika moja, na kwamba nitakuwa kwenye benchi nje ya mlango.